Ngoma Yetu Itembee kwa Hatua Gani?



Ndugu wasomaji, leo nitaandika juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: namna ya kuinua mguu na kuuweka chini. Mtu atasema, "Mwalimu amekosa la kuandika. Kila mtoto wa mwaka mmoja na nusu ajua kutembea." Ni kweli. Lakini kutembea peke yako ni jambo moja. Kutembea watu 24 wenye ngoma na tarumbeta, katika mistari, bila mmoja kumkanyaga mwenzake, ni jambo jingine. Na mimi, kwa ajili ya namna ya kuinua mguu, nusura nimpoteze mzee mwema wa kikosi chetu. Basi nivumilieni.

Sisi twakaa Mutshatsha, upande wa magharibi wa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba lililozaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa. Mji wetu ni mji wa reli. Njia ile itokayo Tenke, ikapita Kolwezi na kwenda mpaka Dilolo, iliungana na reli ya Benguela mwaka 1931, na shaba yetu ikapata njia fupi ya kushukia bandari ya Lobito, katika bahari ya Atlantiki. Wazee wengi wa parokia yetu walikula mkate wa reli hiyo. Wengine walikuwa watengenezaji wa njia, wengine walinzi wa stesheni, wengine mafundi. Ukipita jioni utawaona wameketi mbele ya nyumba zao, na treni ikipiga honi wote wageuza kichwa, kama baba asikiaye sauti ya mtoto wake.

Kikosi chetu cha ngoma ni cha watu wazima. Watoto wana chao tangu zamani, nao hawana shida: uwaambie waruke, wataruka. Sisi ni akina baba na akina mama. Yuko muuguzi, wako walimu wawili, wako vijana watatu wachimbaji wa madini, wako akina mama wauza mihogo na mkaa, na wako wazee wanne wa reli. Tuna ngoma ndogo sita, ngoma za kati tatu, ngoma kubwa moja, tarumbeta nne, na wengine waimba na kupiga njuga. Kazi yetu ni kusindikiza maandamano: Jumapili ya Matawi, sikukuu ya Ekaristi Takatifu, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni tarehe 15 Agosti; na mara nyingine, kwa huzuni, kumsindikiza ndugu yetu makaburini. Tarehe 30 Juni, sikukuu ya Uhuru, twaalikwa pia kupita katika defile pamoja na shule na vyama.

Kwa kuwa nilisoma seminari, ambako tulifundishwa nyimbo na mazoezi ya mwili, Bwana Padri alinipa mimi kazi ya kukifundisha kikosi kutembea. Nilifurahi sana. Nakiri kwamba furaha yangu haikuwa safi yote. Nilijiona tayari nikitangulia na fimbo ndefu mkononi, na watu wakinongʼona, "Tazama kikosi cha Mwalimu!"

Nikachagua hatua niliyoijua mimi, ile ya askari wa sherehe: goti linapanda mpaka paja lilale sawa kama ubao wa meza, mguu unashuka, na wayo wote unapiga ardhi kwa mshindo. Hatua 120 kwa dakika, kila hatua sentimeta 75. Ndivyo majeshi mengi yatembeavyo, kwa hesabu hiyo au karibu yake. Vijana wachimbaji walipenda mno. Walinionyesha katika simu picha za vyuo vikuu vya Marekani, hasa vile vya watu weusi, ambavyo vikosi vyao huinua magoti juu kwa nguvu na madaha, na watu maelfu hushangilia. Nikasema, "Hivyo hivyo! Sisi pia tutaweza."

Mzee wetu wa ngoma kubwa hakusema neno. Yeye ni mtu wa miaka sitini na minane, aliyetengeneza njia ya reli kwa muda wa miaka thelathini. Ngoma yake aibeba tumboni kwa mkanda upitao mabegani. Siku ya kwanza niliona kwamba kila alipoinua goti lilipiga chini ya ngoma, na ngoma ikaruka, na kirungu kikakosa mahali pake. Nilimwambia, "Baba, inua ngoma kidogo." Akaiinua. Siku ya pili nikamwambia, "Baba, goti halijafika." Akajitahidi. Siku ya tatu, tulipokuwa tukizunguka uwanja wa mpira kwa mara ya nne, mguu wake ulikanyaga shimo la mchanga wakati mguu mwingine ungali juu. Akaanguka juu ya ngoma yake. Ukingo wa ngoma ulimgonga kifuani, na ngozi ikapasuka.

Tukamwinua. Akajipangusa vumbi, akanitazama bila hasira, akasema, "Samahani, Mwalimu, nimeharibu ngoma ya parokia." Kisha akaenda zake nyumbani. Majuma mawili hakuonekana.

Ndugu zangu, yaliyofuata ndiyo yanayonitia aibu. Vijana walisema, "Afadhali. Ngoma kubwa yataka mtu mwenye nguvu. Mzee apumzike." Nami sikuwakemea. Nilinyamaza, maana moyoni nilifikiri vivyo hivyo. Nilikuwa nimeanza hata kumtafuta mtu wa kushika mahali pake.

Mama mmoja wa kikosi, muuza mihogo, ndiye aliyenizindua. Baada ya Misa alinishika mkono, akaniuliza, "Mwalimu, umekwenda kumwona mzee?" Nikasema bado. Akasema, "Basi wewe wafundisha miguu ya watu, na miguu yako mwenyewe haijui njia ya kwenda kwa mgonjwa." Hakuongeza neno. Jioni ile ile nikaenda.

Nilimkuta ameketi nje, kifua chake kimefungwa kitambaa. Alinipokea kwa heshima, mkewe akaleta kiti. Niliomba radhi kwa kuanguka kwake. Akasema si kitu, mtu wa reli huanguka mara nyingi. Ndipo mkewe, aliyekuwa akichambua maharagwe kando yetu, akasema bila kuinua macho: "Mwanangu Mwalimu, mimi nafurahi kwamba ameacha. Ile hatua yenu mimi siipendi. Mkipita hapa mkipiga miguu chini, mimi naingia ndani na kufunga mlango."

Nikamwuliza sababu. Akanieleza habari za mwaka 1977. Wasomaji vijana labda hawajui. Mwezi wa Machi mwaka ule wapiganaji walivuka mpaka kutoka Angola, wakaifuata njia ya reli, na mji wetu ukatekwa. Mwezi wa Aprili majeshi ya serikali, yakisaidiwa na askari wa Moroko, yaliurudisha. Wazee huviita vita vya siku themanini. Mwaka uliofuata, 1978, yakaja mabaya ya Kolwezi. Mama huyo wakati ule alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Walilala porini na wadogo zake. "Hatukuwaona," alisema. "Tulikuwa tumelala chini katika majani. Tulisikia miguu tu, ikipita barabarani, wengi pamoja, kama mnavyofanya ninyi. Nami mpaka leo sijui walikuwa askari wa nani."

Nilirudi nyumbani usiku nikitembea polepole. Nilikuwa nimechagua hatua bila kuuliza neno lolote isipokuwa moja: je, itapendeza machoni? Sikuuliza nani ataitembea, wala juu ya ardhi gani, wala kwa ajili ya nini, wala nani ataisikia. Mwashi akichagua mawe kwa rangi tu, nyumba itamwangukia.

Jumamosi iliyofuata niliwaita wote, nikawaeleza kosa langu, nikasema kwamba tutachagua upya, wote pamoja, kwa kujaribu. Naye mzee nilimwomba aje, hata kama ni kuketi na kutazama. Akaja.

Mabishano yakaanza mara moja. Vijana walishika hatua ya goti juu. Muuguzi alitaka hatua ya mguu ulionyooka, kama ile ya majeshi mengine: mguu warushwa mbele bila kukunja goti, kisha wapigwa chini. Akina mama walisema, "Kwa nini tusitembee kama tunavyoingia kanisani?" Nao walikuwa na haki ya kusema hivyo, maana tangu mwaka 1988, Roma ilipokubali Misa kwa utaratibu wa majimbo ya Zaire, sisi huingia kwa kucheza taratibu, hatua moja na kuyumba, hatua moja na kuyumba.

Mwalimu mwenzangu aliinuka akasema kwamba mambo haya yote ya kutembea kwa mistari na ngoma ni ya wageni, tuyaache. Nilimjibu kwamba si hivyo tu. Kwenye pwani ya Waswahili, tangu miaka ya 1890 na kuendelea, watu waliona bendi za wakoloni na za majeshi, wakazigeuza kuwa ngoma yao wenyewe iliyoitwa Beni, yenye mistari na vyeo na mavazi. Vita ya 1914 mpaka 1918 iliwatawanya askari na wapagazi, na Beni ikasafiri pamoja nao mpaka kwenye miji ya migodi ya shaba, huku kwetu na ngʼambo ya mpaka. Kule Luanshya, mwaka 1951, mtaalamu J. Clyde Mitchell aliitazama ngoma ya Kalela, ndugu yake Beni, akaandika kitabu juu yake mwaka 1956. Wale wazee hawakuiga tu. Walichukua walichokipenda, wakaacha kisichowafaa. Basi na sisi tuna ruhusa ya kuchagua.

Kijana mmoja, mpiga tarumbeta hodari, akasema, "Lakini Mwalimu, hatua ya polepole ni ya watu dhaifu." Nikamwuliza kama amesikia habari za Jeshi la Kigeni la Ufaransa, ambalo hakuna awaitaye askari wake dhaifu. Wao hutembea hatua 88 tu kwa dakika, wakati wenzao hutembea 120, na katika gwaride la tarehe 14 Julai huko Paris huwekwa nyuma ya wale wengine waendao kwa miguu, kwa sababu ya mwendo wao. Hata askari, basi, hawana hatua moja. Kila kikosi kina mwendo wa kazi yake.

Kisha tukaanza kujaribu. Tulichukua majivu, tukachora mistari uwanjani, na kila namna ya kutembea tukaijaribu kwa hatua mia mbili, tukipiga ngoma na tarumbeta kweli kweli.

Hatua ya goti juu ilikuwa nzuri kwa hatua hamsini. Baada ya hapo tarumbeta zilianza kukatika, maana pumzi inayoinua paja haiwezi tena kupuliza wimbo mrefu. Ngoma za tumboni ziligongwa na magoti. Ngoma ndogo zilizoning'inia kwa mkanda upande wa kushoto zilipigapiga pajani. Hapo niliwaeleza jambo la kale: wapiga ngoma wa majeshi ya Ulaya walivaa ngoma upande, ikainama, na kwa sababu hiyo mkono wa kushoto ukazoea kushika kijiti kiganja kikitazama juu, hali wa kulia hukishika kiganja kikitazama chini. Wengi wangali wakishika hivyo, hata ngoma zao zikiwa zimekaa sawa mbele. Ngoma yenyewe ilimfundisha mtu jinsi ya kuishika. Basi ngoma pia yaweza kutufundisha jinsi ya kutembea nayo.

Hatua ya mguu ulionyooka iliwashinda wengi kabla ya mia. Juu ya saruji labda yafaa. Juu ya udongo wetu wakati wa kiangazi ilituinulia vumbi, waimbaji wakakohoa. Na kila mshindo ulipanda kutoka kisiginoni mpaka kichwani. Mpiga tarumbeta wetu alishika mdomo wake: chuma kilimgonga meno.

Hatua ya kuyumba ilipendeza, na hakuna aliyechoka. Lakini tulipopima tuliona kwamba katika muda ule ule tumekwenda chini ya nusu ya njia. Ndani ya kanisa safari ni fupi, haidhuru. Barabarani, penye jua, na Bwana Padri amebeba Sakramenti Kuu, ni taabu.

Tukakaa chini tumechoka, hatujapata jibu. Ndipo mzee, aliyekuwa ameketi juu ya tofali, akasema, "Mwalimu, naomba nionyeshe kitu." Akainuka, akatembea juu ya mistari yetu ya majivu, bila ngoma. Hakuinua goti wala hakupiga chini. Kila hatua ilikuwa sawa na nyingine, kama imekatwa kwa msumeno. Tulipima: sentimeta sitini na kitu. Tukamwuliza amejifunza wapi. Akacheka: "Juu ya mataruma." Mataruma ni yale yanayolala chini ya reli na kuyashika mapande mawili ya chuma. Yamepangwa kwa nafasi moja, na mtengenezaji wa njia hutembea juu yake kilometa nyingi kila siku. Akirefusha hatua ataangukia kokoto, akiifupisha atajikwaa. "Miaka thelathini," akasema, "njia ilinishika miguu."

Na yule mama muuza mihogo naye akainuka. Akachukua beseni, akalijaza maji, akaliweka kichwani, akaanza kutembea nyuma ya mzee. Halikumwagika hata tone. Nikawaambia wote wainame watazame miguu yake. Kisigino kilitangulia kugusa chini, vidole vikiwa vimeinuka kidogo. Kisha wayo ulishuka polepole, kama mtu akunjuaye mkeka, mpaka vidole. Goti halikukunjwa sana wala halikukazwa. Miguu ilikwenda, na kutoka kiunoni kwenda juu mwili ulielea.

Hapo nilielewa. Mpiga tarumbeta ni mtu aliyebeba maji: akitikisika, sauti itamwagika. Baadaye vijana walinitafutia katika simu vikosi vya ngoma vya Marekani ambavyo huchukua watu wa umri wowote, wazee kwa vijana, na tukaona kwamba wengi wao hutembea hivyo hivyo, kisigino kwanza na wayo kushuka taratibu, kwa sababu hiyo hiyo ya kulinda sauti. Kipimo chao cha kawaida ni hatua nane katika yadi tano, yaani sentimeta 57 kila hatua. Mama yetu na mzee wetu hawakuwa wamewaona watu hao hata siku moja.

Tukakubaliana: urefu wa hatua utakuwa wa mzee, sentimeta 60, namna ya kuweka mguu itakuwa ya mama, mwendo hatua 100 kwa dakika. Nikapiga hesabu ubaoni. Hatua ya askari, 75 mara 120, ni mita 90 kwa dakika, na kilometa moja humalizika kwa dakika kumi na moja. Hatua yetu, 60 mara 100, ni mita 60 kwa dakika, na kilometa huchukua karibu dakika kumi na saba. Twapoteza dakika sita. Lakini bibi mwenye fimbo aweza kutufuata, na mama mwenye mtoto mgongoni pia. Zamani kikosi kilifika kanisani, na maandamano yangali sokoni.

Naongeza mambo matatu kwa ajili ya parokia nyingine zitakazotaka kujaribu.

Kwanza, msiwalazimishe watu wote wa maandamano wafuate mguu wa kikosi. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Mtu aliye nyuma mita 170 husikia pigo baada ya nusu sekunde, na kwa mwendo wa 120 nusu sekunde ni hatua nzima: mbele wanaweka mguu wa kushoto, nyuma wanasikia na kuweka wa kulia. Si utovu wa nidhamu, ni hewa tu. Sisi tumekiweka kikosi katikati ya maandamano, siyo mbele kabisa, ili ngoma isiwe mbali sana na mtu yeyote. Na ndani ya kikosi, macho yatazame mguu wa aliye mbele. Tusitegemee masikio peke yake.

Pili, penye kona, aliye upande wa ndani afupishe hatua mpaka karibu kukanyaga pale pale, na aliye nje aendelee na urefu wake. Miguu yote ishike pigo moja. Hili ni gumu kuliko yote, na latakiwa kujaribiwa kila juma.

Tatu, anzeni bila vyombo. Juma la kwanza tulitembea mikono mitupu juu ya mistari ya majivu. Juma la pili tuliimba. Juma la tatu tu tulishika ngoma. Na msiende kujaribu juu ya reli yenyewe, hata kama mzee wenu asema aijua saa ya treni!

Sitawaficha kwamba uchaguzi huu ulikuwa na gharama yake. Vijana wawili walituacha. Walisema kwamba tarehe 30 Juni tutachekwa mbele ya wakubwa, na kwa kweli baadhi ya watu walicheka, maana kikosi kilichotutangulia kilitikisa ardhi, na sisi tulipita kama watu waendao kisimani. Usiku ule nilitamani kurudi kwenye hatua ya zamani. Siwalaumu askari. Hatua yao yafaa kwa kazi yao, na ina uzuri wake. Lakini sisi hatusindikizi bendera peke yake. Twamsindikiza Bwana katika Sakramenti yake, na twawasindikiza wafu wetu. Katika kazi hiyo hakuna haja ya kumwogofya mtu yeyote.

Tarehe 15 Agosti tulitoka baada ya Misa. Ngoma kubwa ilikuwa na ngozi mpya, na mzee aliivaa mwenyewe. Tarumbeta moja ilikosa sauti mara mbili, na kwenye kona ya soko mstari wetu wa tatu ulipinda kama nyoka; nitafanya kazi juu ya kona hiyo mpaka Matawi. Tulipokaribia nyumba ya mzee nilitazama upande ule kwa hofu. Mkewe alikuwa amesimama nje, kitambaa cheupe kichwani. Hakuingia ndani. Tulipompita alijiunga na akina mama waliokuwa nyuma yetu, akatembea nao mpaka kanisani.

Mmoja wa vijana wale wawili amerudi. Mzee amemchukua awe mwanafunzi wake, maana kifua chake hakijapona vizuri, na asema kwamba mwaka ujao ngoma kubwa itakuwa ya kijana. Jumamosi jioni ukipita uwanjani utawaona wawili peke yao juu ya mistari ya majivu. Mzee yuko mbele, mikono mgongoni. Kijana yuko nyuma, amebeba ngoma, macho yake chini, akitafuta kuweka mguu pale mzee alipoutoa.